Insha ya sababu na matokeo hupangwa kwa mishale, si kwa hoja sita

Mpe mwanafunzi wa sekondari wa Dar es Salaam swali hili: "Eleza sababu za mafuriko katika Bonde la Mto Msimbazi na matokeo yake." Hatakaa sana kufikiri. Ataandika namba moja hadi sita na orodha itatoka kama ilivyotoka mwaka jana: mvua nyingi, utupaji holela wa taka, ujenzi mabondeni, mabadiliko ya tabianchi, miundombinu mibovu, ukosefu wa elimu. Upande wa matokeo atajaza vifo, uharibifu wa mali, magonjwa ya mlipuko, kukatika kwa mawasiliano. Kisha kila hoja itapewa aya yake, kila aya itaanza na "Pia" au "Vilevile", na insha imekwisha.

Hakuna uongo ndani ya orodha hiyo. Lakini hoja zake zimekaa kama abiria wa daladala moja: wamepanda pamoja, wanaelekea kumoja, na hakuna anayemjua mwenzake. Msomaji akimaliza hajui taka na mvua zinahusianaje, wala kwa nini mvua iliyonyesha mji mzima iende kufunga barabara Jangwani na si mahali pengine. Ametajiwa vitu vinavyohusika, hajaelezwa kitu.

Insha ya namna hii inataka ueleze jambo moja lilivyosukuma jingine mpaka likatokea. Kwa hiyo mpango wake hauwezi kuwa orodha. Ni mchoro wa mishale, na fikra zote ziko kwenye mshale wenyewe, pale unapotoka kwenye sababu kwenda kwenye tokeo. Kila mshale unaouchora ujiulize: kivipi? Ukishindwa kujibu kwa sentensi moja iliyo wazi, mshale huo bado hujaupata. Nimeona vijana wenye akili nyingi wakipata alama za kawaida kwa sababu hii tu. Maarifa wanayo, tena mengi, ila wameyapanga kama bidhaa za dukani.

Anza na tokeo. Wengi huanza na sababu kwa kuwa swali limezitaja kwanza, na hapo ndipo hoja zinapotawanyika. Tena tokeo lenyewe libane, maana "mafuriko" ni neno pana mno; kuna mafuriko ya chumbani kwa mtu Tandale na mafuriko ya mto uliovunja kingo. Chukua kipande kimoja: kwa nini Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani mvua kubwa ikinyesha? Sasa unajua unachokieleza. Ni kile kipande cha bondeni kati ya Magomeni na Fire, maji yanapita juu ya lami, mabasi ya mwendokasi yamesimamishwa, na watu wa Kimara na Ubungo wanatafuta njia nyingine ya kuingia mjini. Andika tokeo hilo ukingoni mwa karatasi, upande wa kulia, kisha urudi nyuma hatua moja moja.

Hatua ya kwanza iwe fupi kabisa: barabara imefungwa kwa sababu mto umepanda juu yake. Mto hupandaje? Kuna njia tatu tu. Maji yanayoingia yameongezeka, au nafasi ya kuyabeba imepungua, au mahali pa kutokea pamebanwa. Kwa mwanafunzi aliyezoea kukariri hoja, hatua hii ni mlango mkubwa, kwa sababu badala ya kuvizia hoja kichwani sasa ana maswali matatu ya kujibu, na kila hoja aliyoikariri italazimika kuonyesha ni la ngapi linaihusu.

Maji yanayoingia. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukashuka kupitia Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani, huku ukipokea vijito vya Luhanga, Ubungo na Sinza njiani. Eneo lote hilo zamani lilikuwa na mashamba, vichaka na ardhi ya kunywa maji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja zaidi ndani ya miaka 10 wanahitaji mabati ya kulala chini yake, uwanja wa sakafu, barabara ya lami. Maji yanayodondoka juu ya bati na saruji hayazami. Yanatiririka, yanaingia mtaroni, na yanafika bondeni upesi na kwa pamoja. Huo ndio mshale unaounganisha "ongezeko la watu" na "mafuriko", na kwenye insha nyingi haupo kabisa. Mwandishi anaruka kutoka idadi ya watu hadi maji kana kwamba watu ndio waliomwaga maji.

Nafasi ya kuyabeba. Huko juu, vilimani na kingoni, udongo umeachwa wazi na mchanga unachimbwa, kwa hiyo mto unashuka na mzigo. Ukifika Jangwani mteremko unakwisha, bonde linakuwa tambarare, maji yanapunguza mwendo na mchanga unatuama. Msimu baada ya msimu kina kinapungua. Mto uleule, mvua ileile, lakini sasa maji yana sehemu ndogo ya kupita. Taka nazo zinaingia hapa hapa, kwenye midomo ya makalavati na chini ya madaraja, ambako chupa na viroba vinashikana na mchanga na kuziba. Sasa angalia jambo ambalo mwanafunzi makini atalitumia: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na Jangwani imefurika tena baada ya hapo. Taka zina mchango, ila aliyezifanya sababu kuu lazima aeleze maji haya ya baadaye yametoka wapi.

Mahali pa kutokea. Msimbazi unaingia Bahari ya Hindi kupitia mikoko ya Selander. Bahari ikiwa imejaa, hasa nyakati za bamvua, yaani bahari inapojaa kuliko kawaida, maji ya mto hayana pa kwenda haraka; yanarudi nyuma na kupanda bondeni. Ndiyo maana mvua za kiasi kimoja zinaweza kuleta balaa leo na kupita salama wiki ijayo. Mvuvi yeyote wa Feri anaijua tabia hiyo ya bahari. Kwenye orodha ya hoja sita hutaikuta, na mimi naamini ni kwa sababu orodha haikumlazimisha mtu kuuliza mto unaishia wapi.

Sasa ile hoja ya sita. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alileta mpango wake, na mwishoni aliandika "ukosefu wa elimu", akachora mshale kwenda "kujenga bondeni".

"Kivipi?" nikamuuliza.

"Mwalimu, watu hawajui kama bonde ni hatari."

"Watu wa Kigogo hawajui?"

Akanyamaza kidogo. "Wanajua, mwalimu. Bibi yangu anakaa kule. Mvua ikianza usiku halali, anaanza kupandisha unga na nguo juu ya kabati."

"Basi kwa nini hahami?"

"Kodi yake ndogo. Halafu anauza vitumbua Kariakoo, anakwenda kwa miguu."

Alifuta "ukosefu wa elimu" na kuandika sentensi hii: *Watu wa kipato kidogo hukaa bondeni kwa kuwa kodi ni nafuu na riziki yao iko Kariakoo, umbali wa kutembea kwa miguu.* Hapo mshale umepatikana. Lile jibu la kwanza lilikuwa lawama iliyovaa nguo za hoja, na lazima niseme wazi kwamba linaniudhi kila ninapoliona, kwa sababu linamweka mtoto wa mjini kumwita bibi yake mjinga ili apate alama mbili.

Sentensi hiyo moja pia ilifungua upande wa matokeo, ambao kwa kawaida hupangwa kizembe zaidi. Desemba 2011 mvua kubwa iliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia nyingi za bondeni zikapelekwa Mabwepande, nje kabisa ya mji kwa upande wa Bunju. Hilo ni tokeo. Lakini usiweke nukta hapo. Uliza limezaa nini. Viwanja vya Mabwepande vilikuwa mbali na Kariakoo, nauli na muda vikala kipato, na baadhi ya watu wakarudi bondeni. Tokeo limegeuka kuwa sababu, na mshale umerudi ulikoanzia. Ukiona mshale wa namna hiyo kwenye mchoro wako, mpe aya nzima, maana ndiyo aya itakayomfanya msahihishaji aliyechoka akae vizuri kwenye kiti.

Wanafunzi wa Historia wana mfano wao mzuri wa jambo hilohilo. Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani, vya 1905 hadi 1907, huulizwa mara nyingi, na orodha yake inajulikana: kodi, kilimo cha lazima cha pamba, ukatili wa maakida waliowatumikia Wajerumani, maji ya dawa ya mganga Kinjeketile. Ukiziweka hoja hizo sambamba unapoteza tofauti zao za kazi. Kodi na pamba zilijaza hasira kwa miaka. Hizo ni sababu za mbali. Maji ya Kinjeketile kule Ngarambe yalifanya kazi nyingine: yaliwapa watu wa makabila mbalimbali imani moja na ujasiri wa kusimama pamoja. Hayakuleta hasira, yaliiunganisha. Na pale Umatumbi, Julai 1905, watu walipong'oa pamba shambani, hicho kilikuwa kichocheo. Mambo matatu, kazi tatu. Mpango mzuri unayaweka katika ngazi zake: kilichojaza, kilichounganisha, kilichowasha. Upande wa matokeo, Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikaingia, na njaa hiyo ikaua watu wengi kuliko risasi. Mwanafunzi anayeandika "vifo" na "njaa" kama matokeo mawili yaliyokaa upande kwa upande ameukata mshale ulio muhimu kuliko yote katika habari hiyo.

Kuna mtihani wa kupitisha kila mshale kabla hujauamini, na hauhitaji zaidi ya swali moja: pale ambapo sababu haikuwepo, je, tokeo nalo halikuwepo?

Daktari John Snow aliutumia mtihani huu London mwaka 1854. Kipindupindu kiliua zaidi ya watu 500 katika mitaa michache ya Soho ndani ya siku chache, na wengi waliamini kinaletwa na hewa chafu. Snow akashuku bomba la maji la Broad Street, lile la kusukuma kwa mpini. Hakuridhika kuonyesha kwamba waliokufa walikaa karibu na bomba, maana wote waliokaa karibu na bomba walivuta hewa moja. Akawatafuta waliokaa karibu wasife. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha mtaa huohuo walinusurika. Walikuwa na kisima chao na walikunywa bia. Kisha akamtafuta aliyekufa mbali. Alikuwepo mjane mmoja wa Hampstead, maili kadhaa kutoka pale, aliyekuwa akiletewa maji ya bomba hilo kwa sababu aliyapenda. Karibu na bomba bila kuyanywa, salama. Mbali na bomba lakini wameyanywa, wamekufa. Hewa ikaanguka kama sababu, maji yakasimama.

Habari hiyo ina sehemu ya pili ambayo husimuliwa vibaya. Mpini wa bomba uling'olewa tarehe 8 Septemba, na wagonjwa wakapungua. Rahisi kuandika kwamba walipungua *kwa sababu* mpini uling'olewa. Lakini walikuwa wameshaanza kupungua kabla. Watu wengi walikuwa wamekimbia mtaa. Kitu kutangulia kingine hakutoshi kukifanya sababu yake, na hapa ndipo insha nyingi hujikwaa bila mwandishi kujua.

Tulete mtihani huo nyumbani. Kila msimu wa mvua tunaandika "mvua husababisha kipindupindu". Mlipuko mkubwa wa mwaka 2015 Dar es Salaam ulianza Agosti, wakati masika yamekwisha siku nyingi na vuli bado. Tokeo lilikuwepo, sababu iliyotajwa haikuwepo, kwa hiyo mshale umekosewa. Unarekebishwa hivi: kinyesi chenye vijidudu kinafika kwenye maji ya kunywa au chakula, mtu anavimeza, anaugua. Mvua ni njia mojawapo ya kukifikisha, pale inapojaza vyoo na kutapisha mashimo. Uhaba wa maji safi ni njia nyingine, maana mtu aliyekosa maji hunawa kidogo na huchota popote. Kwa kuongeza hatua moja katikati, mvua na ukame vyote vimepata nafasi yake halali kwenye mchoro mmoja.

Mpaka hapa una mchoro. Kuugeuza kuwa mpango wa insha ni kazi fupi, na kanuni yangu ni moja: mpango uandikwe kwa sentensi zenye vitenzi, kamwe usiandikwe kwa majina matupu. "Miundombinu mibovu" si mpango, ni kichwa cha habari. Karatasi ya yule binti wa Kidato cha Tatu mwishoni ilisomeka hivi:

*Aya ya 1: Jangwani hufurika si kwa wingi wa mvua peke yake, bali kwa sababu mji umeyaharakisha maji, mto umepungua kina, na bahari huyazuia.*
*Aya ya 2: Mabati na saruji huzuia maji kuzama, hivyo hufika bondeni upesi na kwa pamoja.*
*Aya ya 3: Mchanga kutoka juu hutuama Jangwani na taka huziba makalavati, hivyo mto hubeba maji machache kuliko zamani.*
*Aya ya 4: Bahari ikijaa, maji hukosa pa kutokea na hupanda barabarani.*
*Aya ya 5: Barabara ikifungwa, wa Kimara hukosa kazi ya siku, nyumba zikijaa, wa Kigogo hukosa pa kulala.*
*Aya ya 6: Wanaohamishwa mbali hupoteza riziki, na baadhi hurudi bondeni.*

Angalia "hivyo" ilivyorudi mara mbili. Ukisoma mpango wako kwa sauti na kila aya ikaweza kushikwa na "hivyo", "kwa sababu" au "ndipo", umepanga. Zikishikwa na "pia" tu, bado una orodha. Angalia vilevile kwamba mabadiliko ya tabianchi hayamo. Yana mshale wake halali, unaopitia bahari yenye joto na mvua kubwa za ghafla, lakini binti huyu hakuweza kuueleza kwa sentensi moja, akauacha. Alifanya vyema. Hoja tatu zilizofungwa zinabeba insha kuliko sita zilizolegea, isipokuwa swali lenyewe limedai idadi. Likidai sita, zitoe sita, ila zipange zishikane.

Vitenzi vipimwe uzito. "Husababisha" ni neno zito, lihifadhi kwa mshale uliopita mtihani. Taka *huchangia*, bamvua *huzidisha*, mvua ya usiku mmoja *huchochea*. Mwandishi anayetumia "husababisha" kila mahali anamwambia msomaji kwamba vyote vina nguvu sawa, na si kweli.

Utangulizi upange mwisho. Huwezi kumkaribisha mtu kwenye nyumba usiyojua ina vyumba vingapi. Sentensi ya msimamo, ile ya Aya ya 1 hapo juu, ilitoka baada ya nyingine zote kukaa sawa. Kwa insha ya dakika 40, dakika 8 hivi za mpango hazipotei. Zinarudi unapoandika bila kusimama kujiuliza kinachofuata.

Hitimisho ndilo linalowasumbua wengi, kwa kuwa wamefundishwa kurudia hoja. Kwenye insha ya sababu na matokeo lina kazi yake halisi: kuuliza ni mshale upi unaweza kukatwa. Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, unasomeka vizuri sana kwa jicho hilo. Kuchimba na kupanua mto kunagusa mshale wa nafasi. Kuhamisha watu na kuwalipa kunagusa mshale wa makazi, na hapo funzo la Mabwepande linahusika moja kwa moja. Daraja la juu la Jangwani linakata mshale ulio kati ya maji na barabara, ila haligusi ule ulio kati ya mvua na maji. Mwanafunzi atakayekuja kuulizwa kama daraja limeondoa mafuriko atahitaji kuchora upya, kuanzia upande wa kulia, na kutenganisha basi la Kimara linalopita juu na nyumba ya Kigogo iliyobaki chini.